Herufi Iliyomnyamazisha Kaoutar

Kuuliza si ujinga. Methali hii yatufundisha kwamba anayekiri asichokijua na kukitafuta kwa mwenzake hapungukiwi na heshima. Anayepungukiwa ni yule afichaye, kwani alichokificha huja kuwaumiza hata wasiohusika. Madamu Elda aliifahamu methali hii tangu utotoni, lakini kuifahamu ni jambo moja na kuitii ni jingine.

Elda alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya Rumonge, Burundi, mji wa mawese na dagaa waitwao ndagala kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa amefundisha miaka kumi na minane, na Kifaransa chake kilinyooka kama uzi wa fundi. Siku moja kikaoni, Ibrahim, mwalimu wa Kiswahili aliyesoma Kiswahili na Kiingereza ukimbizini Tanzania kabla ya familia yake kurejea Nyanza-Lac, alisimama kusoma ripoti yake kwa Kifaransa. Elda alimkatiza mara tatu kumsahihisha. Walimu wakacheka. Tangu hapo Ibrahim hakufungua tena kinywa kikaoni.

Mwaka huo mwalimu wa Kiingereza alihamishwa, na mkurugenzi wa shule akamkabidhi Elda somo hilo katika darasa la tisa.

"Lugha ni lugha, madamu. Haitakushinda," alimwambia.

Elda alitaka kusema kwamba Kiingereza alikisoma kidogo tu, tena zamani. Lakini akaona haya. Akaitikia kwa kichwa. Kuanzia hapo aliandika ubao mzima kila kipindi, wanafunzi wakanakili mpaka kengele ikalia, na hakuna aliyegundua lolote.

Siku ya somo la maziwa na visiwa, alimwita Kaoutar asome. Kaoutar alikuwa binti mpole aliyelelewa na shangazi yake Kigoma hadi mwaka uliotangulia. Alisoma bila kusita, na alipofika kwenye neno "island" akalitamka "ailandi".

"Simama hapo!" Elda alisema. "Hiyo 's' umeipeleka wapi? Sema 'islandi'."

"Madamu, kule Kigoma tulifundishwa kwamba hiyo herufi haitamkwi."

"Basi rudi Kigoma!"

Darasa likaangua kicheko. Schékinah, aliyeketi nyuma yake, akambandika jina la Ailandi, nalo likamganda kama kupe. Kaoutar hakusoma tena kwa sauti. Baada ya wiki mbili hakuonekana shuleni kabisa, na mtihani wa taifa ulikuwa unabisha hodi.

Jumamosi moja Elda alikuwa saluni akisukwa nywele. Redio ilikuwa ikitangaza habari kwa Kiingereza, habari za kisiwa fulani kilichofurika. "Ailandi," alisema mtangazaji. Punde akalirudia, wazi kabisa. Kama nimekosea hili, Elda alijiuliza, nimekosea mangapi mengine?

Jumatatu alimkuta Ibrahim peke yake, akisahihisha madaftari.

"Amahoro, mwalimu Ibrahim."

"Amahoro, madamu," alijibu bila kuinua macho.

Elda alikuwa amejiandalia maneno mazuri. Yote yakayeyuka. "Nafundisha Kiingereza nisichokijua," alisema. "Nimemfukuza mtoto darasani kwa kosa langu mwenyewe. Naomba unifundishe."

Ibrahim aliweka kalamu chini. "Unakikumbuka kile kikao?"

"Nakikumbuka. Nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe."

"Siku ile nilimwambia mke wangu kwamba naacha kazi."

Elda aliinamisha kichwa. Akageuka kuondoka. Ndipo aliposikia kiti kikivutwa.

"Keti, dada yangu. Ripoti ya muhula huu nimeiandika mara nne na sijathubutu kuipeleka. Nisahihishie hii, nami nikuonyeshe somo la kesho."

Wakaanza hivyo, kisha wakapanga kukutana kila Jumatano baada ya masomo. Bahizire, mwalimu wa Kirundi, alipowasikia alijiunga nao. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba wanafunzi wake hushika maneno upesi wakicheza mchezo wa kuuziana samaki kuliko wakinakili. Elda alilichukua wazo hilo.

Wiki hiyohiyo alikwenda Gatete, nyumbani kwa kina Kaoutar. Mama yake alikuwa akikamua mawese.

"Madamu, mutoto anasema masomo imemushinda," alisema mama. "Mimi sikusoma. Nitamubishia na nini?"

"Hayajamshinda, mama Kaoutar. Mimi ndiye niliyekosea. Yeye alikuwa sahihi."

Kaoutar, aliyekuwa mlangoni, alisema kwa sauti ndogo, "Nikirudi watanicheka, madamu."

"Wakicheka, watanicheka mimi."

Jumatatu iliyofuata Kaoutar alikuwa darasani, macho chini. Elda hakushika chaki. Alisimama mbele ya wanafunzi arobaini na tisa.

"Kaoutar alisoma vizuri. Mimi ndiye niliyekosea, tena nikamtukana. Kaoutar, nisamehe." Akavuta pumzi. "Kiingereza bado najifunza. Mwalimu Ibrahim ananisaidia. Nitakapokosea, niambieni."

Kisha Schékinah akainua mkono polepole.

"Pole, Kaoutar," alisema kwanza. Halafu akamgeukia mwalimu. "Madamu, tangu darasa la saba kuna kitu sikielewi. Kwa nini neno 'knife' linaanza na 'k' nasi hatuisemi?"

Elda alifikiri kidogo. Zamani angebuni jibu.

"Sijui, Schékinah," alisema. "Kuna anayejua?"

Kaoutar aliinua uso. Hata yeye hakujua, akasema hivyo, na yeye na Elda wakatabasamu.

"Basi nitamuuliza mwalimu Ibrahim, nami niwaletee jibu kesho," Elda alisema.

Hakuna aliyecheka. Mkono mwingine ukainuka nyuma, kisha mwingine karibu na dirisha, hata Elda akakosa pa kuanzia. Naam, waliosema kuuliza si ujinga hawakukosea.