Mlango wa Maji Usiokuwa na Jina

Sikio likigoma, uliza unyayo. Mmelisikia neno hili leo kwa bibi yenu, alipomwambia Tumsifu aache kulia juu ya daftari, atoke nje kwanza. Mkacheka. Mkaniuliza sikio hugomaje, na unyayo umepata wapi mdomo wa kujibu. Kaeni basi. Msemo huu haukushuka na mvua. Una mahali ulipozaliwa, na ulizaliwa hivi.

Huko milimani Upare, katika kijiji cha Kirombo, watu walilima kwa maji ya mfereji. Juu kabisa palikuwa na ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya chemchemi usiku kucha, na asubuhi lilipofunguliwa maji yalishuka kwa mfereji mmoja mrefu mpaka bondeni. Kila shamba lilikuwa na mlango wake ukingoni mwa mfereji, yaani jiwe lenye mfuo katikati, lililozibwa kwa udongo na majani ya mgomba, likazibuliwa siku ya zamu. Zamu hizo hazikuandikwa popote. Zilikaa kichwani mwa mtu mmoja, naye aliitwa mhesabu. Mhesabu akisema leo ni kwa fulani, basi ni kwa fulani. Asiyetajwa alibaki kutazama maharage yake yakinyauka.

Mhesabu wa wakati huo alikuwa Mzee Mrindoko. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na miguu ilikuwa haimfikishi tena kwenye mfereji. Wazee wakasema apatikane wa kumrithi kabla kiangazi hakijakaza. Katika ukoo wake walikuwapo wawili waliofaa umri, mjukuu wake Nakiete, msichana wa miaka kumi na saba, na Kiangi, mjukuu wa mdogo wake. Mwezi ukiandama wote wawili wangeitwa mbele ya wazee, na atakayeruka jina hata moja asingepewa kazi.

Nakiete aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Tangu akiwa mdogo alijiuliza bonde zima, na migomba yake na watu wake, limeeneaje katika kichwa cha babu mmoja.

Mafunzo yalikuwa hivi. Wanafunzi walikunja miguu juu ya ngozi ya mbuzi uani kwa mzee. Mzee alifumba macho akataja majina kutoka ndivani hadi bondeni, ishirini na manne, kwa sauti ya kuimba, nao wakayarudisha. Kiangi aliyashika kwa siku tatu. Aliyaimba akichunga, aliyaimba akitafuna muwa. Nakiete alifika jina la tisa, na baada ya hapo kichwa kilikuwa cheupe kama unga.

"Rudia," babu alisema.

Nakiete akarudia. Tisa.

"Tena."

Safari hii yalikuwa manane.

"Mjukuu wangu," mzee akasema akiweka fimbo chini, "kichwa chako ni chungu kilichotoboka. Ninamimina, ninamimina, na chini panalowa."

Kiangi akacheka mpaka akashika mbavu. "Babu, muwekee kidole kwenye tundu!"

Nakiete alicheka pia, maana kulia mbele ya Kiangi kungekuwa aibu kubwa zaidi. Lakini usiku hakulala vizuri. Alijaribu kuyasema majina akiwa amefumba macho, akafika tisa. Akajaribu kuyasema akitwanga, mchi ukamchukua na majina yakabaki nyuma.

Siku ya msaragambo, wanakijiji walipotoka wote kuzoa tope la mfereji, Nakiete alitumwa kuwapelekea wazoaji makande. Mfereji ulikuwa mkavu, naye akashuka kwa ndani yake, pekupeku, sinia kichwani. Alipokanyaga jiwe la mlango wa kwanza, midomo yake ikataja jina. La pili, ikataja. Hakuwa anajifunza. Alikuwa anawaza makande yasimwagike. Alipofika kwa wazoaji alikuwa ametaja majina kumi na manne, na hakuna aliyemwambia hata moja.

Akasimama na sinia lake akishangaa. "Haya nimeyatoa wapi?"

"Umetoa nini?" akauliza mzoaji mmoja. "Tua chakula, binti, tuna njaa."

Tangu siku hiyo hakuwa na huzuni tena. Alikuwa na swali, na swali tamu huondoa huzuni. Alijaribu kutembea kuzunguka nyumba huku akitaja, akafika saba tu. Kumbe si kutembea kokote. Akarudi mferejini, akashuka polepole, akaliacha kila jiwe liseme na unyayo wake: hili lina kona, hili limelegea, hili la baridi chini ya mkuyu. Kila jiwe likashika jina lake. Kisha akakaa nyumbani, akafumba macho, akawa anasogeza nyayo sakafuni kana kwamba anashuka. Majina yakaja yote, moja nyuma ya jingine, kama mbuzi wanaoijua njia ya zizi.

Ila kitu kimoja kilimsumbua. Majina yalikuwa ishirini na manne. Mawe yalikuwa ishirini na matano.

Baada ya jiwe la kumi na nne, chini ya tope gumu lililoachwa na maporomoko ya miaka mitatu iliyopita, unyayo wake ulipokwangua ulikuta mfuo na ukingo uliomeguka. Juu yake, upande wa kulia, lilikuwa shamba la Nambike, mjane aliyeolewa kutoka mbali. Mumewe, Mndeme, alifunikwa na maporomoko yale yale. Nambike alimwagilia maharage yake kwa mtungi, akipanda na kushuka mlima. Mwanzoni aliwahi kulalamika, akajibiwa kwamba hesabu haimtaji, na kwamba huenda mumewe alikuwa akigawiwa na kaka yake. Akanyamaza.

Nakiete akamuuliza babu, "Babu, baada ya kumi na nne hakuna mwingine?"

"Hujayashika niliyokupa, unaniongezea mengine?" Mzee akageukia ukutani.

Mwezi ukaandama. Wazee wakakusanyika kando ya ndiva, Mzee Mrindoko akiwa amebebwa mgongoni, na wanakijiji nyuma yao, maana kila mmoja alitaka kusikia jina lake likitajwa. Mzee Sefue, msimamizi wa mfereji, akamwita Kiangi kwanza. Kiangi akakunja miguu juu ya ngozi, akaimba majina ishirini na manne bila kumeza mate. Watu wakapiga vigelegele.

Nakiete akaitwa. Hakukaa.

"Wazee wangu, naomba nisimame."

"Tangu lini hesabu ikasemwa kwa kusimama?" mmoja akanguruma. "Mila ni kukaa."

Mzee Sefue akajikuna kidevu. "Mila ni kwamba hesabu isikosewe. Miguu iwe wapi, mimi sikuwahi kuambiwa. Sema, binti."

Nakiete akafumba macho, akaanza kusogeza nyayo mavumbini, hatua kwa hatua, huku akitaja. Watu wakakanyagana miguu kwa kicheko.

"Ameanza ngoma!" Kiangi akapaza sauti. "Mleteeni njuga!"

Hakusikia. Alikuwa ndani ya mfereji. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kisha unyayo ukasimama, na yeye akanyamaza.

Alijua angeweza kupita. Jina la mbele lilikuwa tayari mdomoni, na kazi ilikuwa yake. Lakini unyayo ulikataa kuruka jiwe.

"Hapa pana mlango," akasema. "Sina jina lake."

"Amesahau!" Kiangi akasema. "Kusahau kumevaa nguo ya sikukuu."

Kicheko kikapanda, kikashuka. Mzee Mrindoko alikuwa ameinua mkono.

"Jiwe hilo likoje?"

"Lina mfuo, babu, kama mengine. Lakini ukingo wake wa chini umemeguka, kama umepigwa jembe."

Mzee akafumba macho. Midomo yake ikacheza bila sauti.

"Jembe langu," akasema mwishowe. "Jiwe hilo nililimegua mimi, tukilitega na baba yake Mndeme, tungali vijana. Alinitukana siku nzima. Ni kwa Mndeme." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mwaka ule wa maporomoko niliugua. Nilipoinuka nikaishika hesabu tena kwa sikio, nikiwa nimekaa, maana miguu ilikuwa imekwisha. Jina moja halikurudi, na sikio halikuniambia. Kisha nikamfundisha Kiangi, mtoto wa watu, kosa langu, naye akalishika vizuri kabisa."

Hakuna aliyecheka tena. Walishuka na majembe, Kiangi akiwa wa kwanza kuchimba. Tope likatoka, jiwe likaonekana, limemeguka ukingo. Nambike alikuwa akipanda na mtungi wake kichwani. Akauona umati mbele ya shamba lake, akaogopa.

"Nimekosa nini, baba zangu?"

"Tumekosa sisi, mama," Mzee Sefue akasema. "Tua mtungi. Leo zamu ni kwa Mndeme."

Maji yakageuka, yakaingia kwenye maharage. Nambike aliyamimina maji ya mtungi wake mferejini, yakafuata mengine.

Wazee wakampa Nakiete hesabu. Kiangi akasonya kidogo, kisha akamwambia, "Dada, wewe tembea, mimi nitakuimbia. Hesabu zetu zikikosana, tutachimba." Nao wakafanya hivyo miaka mingi, kila mwanzo wa kiangazi.

Jioni ile Nakiete alimkuta babu yake uani. Alikuwa ameiondoa ngozi ya mbuzi, na nyayo zake mbili, zilizokauka kama maganda, zilikuwa zikisogea taratibu mavumbini.

"Naijaribu njia yako," akasema. "Ulikuwa unasoma wakati wote, na mimi nikakuita chungu kilichotoboka. Wakija wengine kujifunza, mjukuu wangu, usiwapige kwa jina lililowaponyoka. Waambie hivi: sikio likigoma, uliza unyayo."