Nondo Hafikishi Salamu

“Nondo hafikishi salamu.” Mmecheka niliposema hivyo, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare aliishi mjane aitwaye Nakijwa. Watoto wake walikwishashuka tambarare kutafuta maisha. Ndugu aliyebaki karibu ni mdogo wake, Namkunda, ng'ambo ya bonde, ambaye moshi wa jiko lake ulionekana kila asubuhi. Lakini hawakusemezana. Mwaka wa kiangazi kikali, Nakijwa alifungulia shamba lake maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, siku ya zamu ya mdogo wake. Maharage ya Namkunda yakakauka. Nakijwa alijua kakosa, ila alijiambia mkubwa hamfuati mdogo.

Mvua za kwanza zilipoanguka, nondo mkubwa wa kahawia, mwenye alama za macho mabawani, aliingia akajibanza ukutani gizani. Wazee husema nondo akiingia ndani, mgeni yu njiani. Moyo wa Nakijwa ukaruka. “Namkunda anakuja!” Akapika makande, akapakua sahani mbili, akakaa kuutazama mlango. Makande yakapoa. Akala peke yake.

Ikawa hivyo kila masika, mpaka kichwa kikajaa mvi. Upweke ulimla, mama yule, na bado alingoja.

Mwaka mmoja moshi wa ng'ambo haukuonekana. Kesho yake pia haukuonekana. Nakijwa akaacha chungu jikoni, akashika fimbo, akateremka bondeni huku mvua ikimnyeshea.

Alimkuta Namkunda kitandani, homa imemkondesha. Ukutani alikuwapo nondo. Mezani zilikuwapo sahani mbili za makande ya juzi, zimefunikwa kawa.

“Umechelewa, dada,” Namkunda alisema. “Huyu mdudu kila masika ananiambia unakuja.”

“Hata kwangu huingia! Nami nakungoja wewe.”

Wakamtazama nondo. Nakijwa akaketi kitandani taratibu.

“Kumbe huingia kila nyumba,” alisema. “Anajitafutia pakavu tu. Mdogo wangu, nisamehe yale maji.”

“Maji yale yalikauka zamani, dada. Washa moto, nasikia baridi.”

Walikula pamoja masika hayo tu. Yaliyofuata, Namkunda hakuyaona. Nondo alipoingia tena, Nakijwa alipakua sahani moja, akalia.

Basi ukimkumbuka mtu wako, wanangu, usikae kuutazama mlango. Nondo hafikishi salamu.