Anayetetemeka Ndiye Mwizi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa gani, kama mmefungiwa ndani ya chungu? Baba mwenye kofia huko nyuma, na wewe itika, hadithi si ya watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale kulikuwa na pori, na porini kukaingia kiangazi. Jua likawaka, likawaka, likawaka. Mto ukakauka. Majani yakakauka. Kilichobaki ni matikiti ya porini, ambayo wanyama wote walikuwa wameyachuma pamoja na kuyaweka pangoni. Kila asubuhi kila nyumba ilipewa tikiti lake. Bila tikiti hakuna maji, na bila maji ni kifo.

Siku moja wakaenda pangoni. Loo! Nusu ya matikiti hayapo.

Nyati jike, mkuu wa pori lile, akapiga kwato chini, pu! Wanyama wakakusanyika. Akauliza, "Nani amekula?"

Mbweha akasimama. Manyoya kayalainisha, macho makavu. "Mama Mkuu, mimi si mtu wa maneno mengi." Mwongo huyo, maneno ndiyo chakula chake! "Lakini jana adhuhuri nilimwona Digidigi akitoka mbio pangoni. Maji ya tikiti yanamdondoka mdomoni."

Wote wakamgeukia Digidigi. Maskini, mwili mdogo, miguu kama vijiti! Akaanza kutetemeka. Tetete, tetete, tetete.

Na sheria ya pori lile ilikuwa hii: mtuhumiwa huwekwa katikati, hukodolewa macho. Anayetetemeka ndiye mwizi.

"Anatetemeka!" wakapiga kelele. "Amekula!"

Mkewe akalia, "Jamani, mume wangu hutetemeka hata akitafuna majani! Siku ya harusi yetu alitetemeka mpaka mama yangu akadhani ana homa!"

Nani amsikilize? "Anatetemeka! Amekula! Afukuzwe!"

Kufukuzwa ni kwenda jangwani. Yeye, na mkewe mwenye mimba. Digidigi alilijua hilo. Alitaka kujitetea, ulimi ukagoma. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyotetemeka, na kadiri alivyotetemeka ndivyo walivyomwona mwizi.

Mara ikasikika sauti. "Ngojeni kwanza."

Alikuwa Muhanga, mchimba mashimo, yule mwenye pua ndefu na masikio marefu. Akasema, "Mama Mkuu, niruhusu niwaulize mmoja mmoja. Mbweha akae kule nyuma ya mwamba mpaka aitwe, na asiwepo wa kumpelekea neno."

"Ya nini?" Ngiri akabisha. "Si unaona anatetemeka?"

"Hata mimi ningetetemeka mkinikodolea hivyo. Hebu tazameni pembeni."

Nyati akakubali. Muhanga akajilaza chini, kando ya Digidigi, wakawa sawa kwa sawa. "Ndugu yangu, sina haraka. Nisimulie jana yako. Anzia unapotaka."

Digidigi akaanza. "Nilikuwa... hapana, kwanza nilikuwa kwenye mchongoma. Kisha nikapita kwenye kichuguu, kile cha mkabala na pango. Kulikuwa na siafu! Wametapakaa kichuguu kizima, kama uji uliofurika. Wakanipanda. Huku, na huku, na... samahanini, hata mahali pa aibu. Nikakimbia, nikapita mbele ya pango bila kuangalia, nikaangukia kichakani kwa Kwale. Akanitukana. Mengine nimesahau, nisamehe."

"Sahau tu, ndugu yangu. Hujaniudhi."

Kwale akaitwa. "Nilimtukana ndiyo, nusura akanyage wanangu! Na siafu wananing'inia miguuni mwake. Niliwadonoa mmoja mmoja huku namtukana. Siafu hao walikaa kichuguuni kutwa nzima, sikuthubutu kupeleka makinda kule."

Ndipo Mbweha alipoitwa. Muhanga akajilaza vilevile, kwa sauti ileile ya upole. Aliyoyajua akayameza.

"Bwana Mbweha, ulikuwa wapi ulipomwona?"

"Juu ya kichuguu, mkabala na pango. Nilijilaza pale tangu asubuhi mpaka jua linazama."

"Pazuri?"

"Pazuri mno! Upepo mwanana."

"Hakuna kilichokusumbua?"

"Hata mdudu! Nilisinzia kama mtoto aliyeshiba, tumbo wazi."

"Tumbo wazi? Juu ya kichuguu?"

"Tumbo wazi, bwana."

Kwale akashindwa kujizuia. "Kumbe siafu wa kwetu wanakuheshimu hivyo!"

Pori zima likaangua kicheko. Njia ya mwongo ni fupi, wanangu. Lakini Muhanga hakucheka. "Kusema uongo ni jambo moja, kula tikiti ni jingine. Twendeni kwake tukaone."

Wakaenda. Shimoni kwa Mbweha, maganda, maganda, maganda! Na chini ya nyasi, matikiti yaliyosalia. Na hata hapo, nisikilizeni vizuri, Mbweha hakutetemeka. Mkavu vilevile.

Nyati akataka kumfukuza. Digidigi akasema, "Mama, leo jangwa limenikaribia hivi. Simtakii mtu." Basi Mbweha akapewa kazi ya kuchimba maji mtoni, kwa makucha yake mwenyewe.

Digidigi akamfuata Muhanga huku machozi yanamtoka. "Sina cha kukupa, kaka. Wote walinitazama. Wewe ulinisikiliza. Asante. Asante sana."

"Nenda kwa mkeo," Muhanga akamjibu. "Anakungoja."

Wanasema asante ya punda ni mateke. Ya Digidigi siyo. Tangu siku ile Muhanga akichimba, kichwa kimezama udongoni, nyuma haoni, Digidigi husimama karibu. Chui akinyemelea, Digidigi hupiga mluzi, zik! zik! Muhanga huyo, shimoni! Muhanga yule alizeeka akafa kwa uzee, jambo ambalo porini ni nadra. Na siku alipokufa, watoto wa Digidigi walikuwa wamesimama mlangoni pake.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa wepesi wa kuhukumu: mwenye hofu si lazima awe na hatia, na mtulivu si lazima awe mkweli. Muulize mtu kwa upole, mwache aseme, kisha kahakikishe. Na aliyekusikiliza siku ulipokuwa peke yako, usimsahau mpaka kufa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Asanteni nanyi kwa kunisikiliza.