Msiba wa Mwenye Mbiu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mbiu, na masikio ya kuisikia!

Haya, kaeni. Wewe Zumra, weka simu chini, ninayosema mimi hayamo humo.

Hapo kale mbiu ya mwituni ilikuwa mali ya Chui. Likitokea jambo, Kobe alitumwa kwenda kuliona kwa macho yake. Aste aste anakwenda, aste aste anarudi. Akisema "Nimeliona," ndipo Chui anapuliza: puuuu! Na kila aliyesikia humletea paja la nyama. Mbiu haikuwahi kusema uongo, na Chui akanenepa mpaka shingo ikapotea.

Wakaja kwelea, ndege wadogo, kundi kama wingu. Chwi-chwi-chwi! Mmoja akisema, wengine wote wanapokea. Habari inaingia kila shimo kabla Kobe hajatoa kichwa. Tena bure! Nani tena alete paja?

Chui akalala njaa, akaamka na hasira. Akamfukuza Kobe. "Macho yako yananichelewesha!" Kisha akaenda kwa Mama Kuchakulo, yule mdogo mwenye mkia wa manyoya, anayekaa chini ya mti wa kwelea. Hata hodi hakupiga. Akamnyakua mwanawe wa pekee, Kidodi, akambana chini ya wayo.

"Kila asubuhi niletee habari kabla ya ndege. Ikiwa moto, mtoto anaishi. Ikiwa baridi, namla."

Mama wa watu! Hali, halali.

Asubuhi akaja mbio. "Mzee, Tembo kaota jipu makalioni!" Puuuu! Wanyama wakakimbilia, mapaja yakaja.

"Leta habari! Ya jana imepoa."

"Mzee, Nyati kagombana na mkewe!" Puuuu! Likaja paja moja, nalo limevunda.

"Leta habari! Ya jana imepoa."

"Mzee, leo mwitu umetulia. Hakuna jambo."

"Hakuna jambo si habari!" Ukucha ukachomoza, ukagusa shingo ya Kidodi.

"Mama!" mtoto akalia.

Moyo ulimpasuka Mama Kuchakulo, lakini sauti akaishika. "Mzee, ipo moja. Naogopa tu kuitamka."

"Itamke!"

"Chui amekufa."

"Chui gani? Mimi?"

"Wewe, mzee. Hebu fikiri. Msiba wa mkubwa, nani atabaki nyumbani? Kila mmoja atakuja na mchango wake wa matanga. Mapaja, mbavu, maini. Ukishashiba unainuka, unapuliza tena: Chui kafufuka! Hiyo nayo ni habari."

Udenda ukamtoka Chui, chururu. Kwamba ni uongo hakujali hata chembe. Aliuliza kimoja tu: "Kwelea wanayo?"

"Bado. Ila ukichelewa..."

Puuuuuu! "Chui amekufaaa!"

Nani aliyepuliza? Hakuna aliyeuliza. Nanyi msiniulize.

Akajibwaga chini, akafumba macho. Lakini Kidodi bado yuko chini ya wayo! Vishindo vinakuja, di! di! di! Mama Kuchakulo anautazama wayo ule tu.

"Mzee, umewahi kuona maiti aliyeshika mtoto? Watashtuka, watarudi na nyama yao."

Wayo hautoki. Di! di! di!

"Mzee, wanaingia. Nasikia harufu ya maini."

Wayo ukalegea. Kidodi, pyu! Huyo shimoni.

Wakafika wote, na nyama zao. Na majembe pia. Kwani msiba gani hauna kaburi? Wakamfunga miguu kwa kamba kama ilivyo desturi. Loo! Chui akafumbua macho.

"Ngojeni! Mimi mzima!"

"Mbiu imesema umekufa," Nyati akamjibu, "na mbiu haijawahi kusema uongo."

"Basi mwiteni Kobe! Aje anione kwa macho yake!"

"Kobe si ulimfukuza mwenyewe? Marehemu, tulia, usituaibishe mbele ya wageni."

Wakamfunga na kidevu. Wakamshusha. Udongo, pu! pu! pu! Mama Kuchakulo naye akatia gao lake la udongo, huku analia kuliko wafiwa wote, na Kidodi kamshika mkia.

Basi, ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niimeze mwenyewe.

Na funzo? Lipo, msije mkasema bibi yenu hakuwafunza. Ukipata habari, usiende kuangalia. Ipulize hivyo hivyo ingali moto, nyama itakuja. Na siku ukisikia umekufa, mjukuu wangu, usibishane na watu wazima. Nyoosha miguu wakufunge.