Nadhiri ya Hizza na Bomba la Moshi

Sogeeni, nina kesi. Miye imenishinda, labda nyinyi mtaiweza.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji alichojaliwa na Mola wake.

Bi. Mwantumu, mkunga wa zahanati ya Kwamgwe, alijaliwa sikio. Akiinama juu ya tumbo la mama mjamzito na kile kikopo chake cha mti, chenye umbo la tarumbeta ndogo, aliusikia moyo wa mtoto hata mvua ikipiga bati.

Fundi Mdoe, mchomeleaji, alijaliwa mikono. Chuma kilichokatika, yeye akikishika, ungedhani kilikuwa kinangoja ruhusa yake tu kiungane tena.

Mbelwa alijaliwa kasi. Kwenye mbio za magari za pale Kwamgwe wenzake walimjua kwa kisogo na kwa vumbi.

Na palikuwa na wa nne, Hizza, ambaye kesi hii ni yake. Hizza alijaliwa mdomo. Mwenyewe ndiye wa kwanza kukiri kwamba kipaji hicho Mungu alimpa kwa wema, yeye akakitumia ovyo.

Sasa hizo mbio za Kwamgwe msizidhanie kuwa mbio za mabingwa wa kwenye televisheni. Hawa ni watu wa kawaida: mwalimu, muuza mbao, mwenye mashine ya kukoboa, kila mmoja na gari lake kuukuu alilolitengeneza kwa mapenzi. Walikimbia kwenye uwanja wa zamani wa kuanikia mkonge, na uwanja huo umepakana na zahanati. Katikati ni ua wa minyaa tu. Kwa hiyo chama cha madereva kilikaa na watu wa zahanati, wakakubaliana. Kila gari litapimwa kelele kabla ya mbio. Kipimo kinasimamishwa nyuma ya bomba la moshi, dereva anakanyaga mafuta, anapiga resi, na namba isizidi mia moja. Ukipita unabandikwa stika ya kijani kwenye kioo. Usipopita, unakaa ukawatazame wenzio. Ukishindwa mara tatu, umetoka msimu mzima. Na adhana ya adhuhuri ikianza tu, kipimo kinarudi kwenye sanduku lake, hata uwe nani.

Hizza alikuwa ameshashindwa mara mbili. Sailensa, ile ya kupunguza kelele ya bomba, aliitoa mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu alipenda watu wageuke akipita. Akiambiwa, husema, "Gari lisilopiga kelele si ni kabati hilo?"

Mara ile ya pili ilikuwa Jumapili, na Jumapili hiyohiyo mkewe, Saumu, alikuwa upande wa pili wa minyaa akijifungua. Uchungu ulimshika ghafla asubuhi, mumewe ameshatoka. Hizza hakujua. Kipimo kilipomkataa alikasirika, akakaa ndani ya gari akipiga resi kwa hasira mpaka wazee wa chama walipomfuata kumtoa.

Akaitwa zahanati. Akaenda mbio. Akamkuta Saumu amelala salama, na mtoto wa kike pembeni, mzima, mwekundu kama embe dodo. Hizza akasujudu palepale kwenye saruji. Alipoinuka, Bi. Mwantumu alikuwa amesimama mbele yake.

"Baba mtoto," akasema, "binti yako alipotoka alilia. Unajua nilijuaje?"

"Ulimsikia."

"Sikumsikia. Sikio hili, Hizza! Niliona mdomo unafunguka, nikalazimika kuweka shavu langu kinywani mwake ndipo nikajua kwamba ana pumzi. Sauti ya kwanza ya mwanao duniani imemezwa na bomba lako la moshi."

Hizza alilia. Wanaume wachache wanakubali kusimuliwa hivyo, lakini yeye mwenyewe husema: nililia, andikeni. Na katika kulia kule, mdomo wake ukafanya kazi yake ya siku zote. Akainua mikono, akasema mbele ya mkewe na mkunga:

"Yarabi, nimekosa. Nakuwekea nadhiri. Mtu atakayelituliza gari hili mpaka lipite kwenye kipimo, yeye ndiye atakayemchagulia mwanangu jina."

Saumu akafungua jicho moja. "Hizza! Umemweka mtoto rehani kwa ajili ya gari?"

"Nimeshasema, mama."

"Najua umeshasema. Lini hukusema?"

Lakini nadhiri ni nadhiri. Ilivuka minyaa, ikafika uwanjani, ikafika sokoni. Kabla ya magharibi Kwamgwe nzima ilikuwa inaijua. Mbio za kufunga msimu zilikuwa Jumamosi inayofuata. Siku ya jina waliiweka Jumapili yake, ndugu wa mbali wapate kufika.

Fundi Mdoe ndiye aliyeanza. Alikuja mwenyewe nyumbani kwa Hizza, akazunguka gari, akainama, akacheka.

"Hapa umetoboa kuta zote, halafu unashangaa upepo unaingia. Nitakutengenezea sailensa."

Akatafuta mtungi mkongwe wa kuzimia moto, mtupu, akaukata pande mbili. Ndani akapitisha bomba alilolitoboatoboa, na katikati ya bomba na mtungi akashindilia kitu cha kunywa kelele. Mnajua alishindilia nini? Mkonge. Pale Kwamgwe mkonge ndiyo godoro, ndiyo kamba, ndiyo dodoki la kuogea. Kwa nini usiwe sailensa? Wakawasha. Gari likanyamaza kama paka aliyeshiba. Hizza akamkumbatia fundi. Hawajaachana, bomba likaanza kutoa moshi wa rangi isiyoeleweka, kisha ulimi wa moto, na Saumu aliyekuwa dirishani na mtoto akauliza kama wanachoma gari au wanachoma pesa ya maziwa.

"Nimesahau kwamba bomba linapata moto," Mdoe akasema, akitikisa mkono uliobabuka.

"Fundi wa kuchomelea, umesahau moto?"

"Binadamu, ndugu yangu."

Hakukata tamaa. Mkono ukiwa kwenye kitambaa, akafungua mtungi upya, akaenda kwa mama lishe wote wa sokoni kununua zile waya laini za kusugulia sufuria, akazimaliza. Akashindilia, akafunga. Safari hii hakikuungua kitu. Sauti iliyobaki ilikuwa nene, ya heshima, sauti ya mtu anayekohoa msikitini kwa kujizuia.

Jumamosi ikafika. Magari yakapanga foleni, yakapimwa moja moja. Hizza alipokaribia mbele akawasha, na uso wa Mdoe ukabadilika. Ndani ya ile sauti nene palikuwa na nyingine, kali, inayochapa: tatata, tatata. Mdoe akalala chini ya gari, akapapasa, akatoka na vumbi mgongoni.

"Pana mahali panavuja. Ila kelele imejaa kila pembe, sijui ni wapi. Ukipimwa hivi unarudi nyumbani."

Hapo ndipo Bi. Mwantumu alipopita kwenye mwanya wa minyaa, kanga mabegani. Alikuja, kama alivyosema mwenyewe baadaye, kuhakikisha wanamkataa tena. Akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Hiyo siyo kelele ya nyuma," akasema. "Ni pumzi inatokea mbele, pembeni."

"Mbele wapi, dada?" Mdoe akauliza. "Mbele ni kukubwa."

Bi. Mwantumu akamtazama Hizza, akautazama ule uwanja, kisha akaingiza mkono mfukoni mwa gauni lake jeupe akatoa kikopo chake cha mti. Watu wakacheka mno.

Mbelwa, aliyekuwa nyuma kabisa ya foleni, akapaza sauti: "Wee Hizza! Gari lako lina miezi mingapi?"

Mkunga hakucheka. Akaagiza boneti ifunguliwe, akaweka sikio, akawa anapitisha mdomo wa kikopo jirani na chuma bila kukigusa, polepole, kama anavyotafuta moyo. Kushoto. Kulia. Chini kidogo. Akatulia.

"Hapa. Kwenye hiki kiungo, upande wa ndani. Inapumua."

Mdoe akatia mkono, akaunguzwa na moshi mwembamba uliokuwa unachomoza pale ambapo bomba linaungana na injini. Gasketi, lile bati jembamba la kuziba kiungo, ilikuwa imekatika upande usioonekana. Angelala chini ya gari lile mpaka jioni asiione.

Akakata kopo la soda, akalikunja, akalitengeneza gasketi ya muda. Lakini kazi ya chuma chenye moto haiharakishwi. Foleni ikawapita. Gari moja, jingine, jingine. Mdoe alipokaza nati ya mwisho, palikuwa pamebaki gari moja tu halijapimwa, la Mbelwa, na mpimaji alikuwa anatazama jua.

"Muadhini ameshapanda," mpimaji akasema. "Nina nafasi ya gari moja. Anayefuata ni Mbelwa."

Hizza alishusha mikono. Hakuwa na la kudai. Zamu yake alikuwa ameipoteza kihalali.

Na Mbelwa alikuwa anaongoza msimu. Angepimwa, angekimbia, kombe lingekuwa lake, na watu wa Kwamgwe wangeshangaa tu kama lisingekuwa. Akazima injini. Kisha akashuka, akaweka bega kwenye mlango, akaanza kulisukuma gari lake kurudi nyuma.

"Mbelwa, unafanya nini?" Hizza akauliza.

"Nanyoosha mgongo. Peleka kabati lako, muda unakwisha."

"Na kombe?"

"Nikishinda wewe ukiwa nje, utaniimbia mwaka mzima kwamba nilikimbia peke yangu. Mdomo wako naujua. Peleka!"

Hizza akasogeza. Kipimo kikasimamishwa. Akapiga resi. Mpimaji akainama, akatazama namba, akatazama tena.

"Mia moja kamili," akasema. "Haikuzidi."

Stika ya kijani ikabandikwa kwenye kioo, na kabla haijakauka, adhana ikaanza.

Baada ya swala wakakimbia. Hizza hakushinda, alikuwa wa nne, nyuma ya muuza mbao, na kombe likaenda kwa mwalimu aliyekuwa hajawahi hata kuliota. Lakini Hizza husema hakuna siku aliyoendesha kwa raha kama ile. Kila alipopita ubavuni mwa minyaa alisema "alhamdulillahi" kwa sauti, na alijisikia mwenyewe akisema. Mama mmoja aliyekuwa amelazwa zahanati alieleza kwamba magari yalipita, na mwanawe akapiga chafya, na chafya ikasikika.

Jioni Hizza akawaalika watatu nyumbani kuwashukuru. Akawapikia pilau kwa mkono wake, Saumu akiwa bado anapumzika. Wakala, wakanawa, na hapo likazuka.

"Jina ninalo," akasema Mdoe. "Mwanamvua. Mama yangu. Alinilea kwa kukata mkonge, viganja vyake vilikuwa kama msasa. Hakuna mjukuu aliyepewa jina lake. Na bila bomba langu mngepima nini?"

"Bomba lako lilikuwa linavuja, fundi," akasema Bi. Mwantumu kwa upole. "Mimi mtoto wa kwanza niliyempokea katika kazi hii hakufika siku ya jina. Nilikuwa nimeshamwita moyoni mwangu: Subira. Nimepokea wengi tangu hapo, wote wana majina waliyochagua wengine. Sijawahi kuomba. Leo naomba."

Mbelwa akakuna kidevu. "Bomba limeshatengenezwa, panapovuja pamezibwa, na kipimo kimefungwa sandukuni. Hapo mngefanyaje, mngelipimia gari kwenye mzani wa nyama? Mimi na mke wangu tumekaa miaka, Mungu hajatujalia. Mke wangu jina analiweka tayari kila mwaka: Neema. Nataka nikirudi nyumbani kwetu Soni nimwambie, yuko Neema mmoja duniani."

Hizza akawatazama mmoja mmoja. Wote watatu aliwapenda. Angeweza kuwapa gari, uwanja, na nyumba aliyokuwa amekalia.

"Tumpe yote matatu," akajaribu.

Saumu akasema kutoka chumbani: "Mwanangu siyo lori la kuandikwa kila ubavu! Jina moja, la kumwitia uji."

Usiku huohuo Hizza akaenda kwa imamu. Imamu akamsikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani.

"Nadhiri uliiweka mwenyewe, hukuja kuniuliza. Uliahidi kwamba aliyelipitisha gari ndiye atakayechagua. Kura huwezi kupiga, maana hukuahidi kura. Nenda ukamtambue ni nani, halafu uitimize kwa shukrani, siyo kwa manung'uniko."

Jumapili asubuhi mkeka ukatandikwa. Ndugu wakafika. Nywele za mtoto zikanyolewa, naye wala hakushtuka, akawa analamba midomo. Mdoe alikaa kulia, mkono wake umefungwa kitambaa. Bi. Mwantumu katikati, kikopo mfukoni. Mbelwa kushoto, karibu na mlango, kama mtu aliyezoea kuondoka haraka. Hakuna aliyemtazama mwenzake vibaya. Kila mmoja alimtazama mtoto.

Imamu akampakata, akamgeukia baba. "Haya, Hizza. Anaitwa nani?"

Nyumba nzima ikamgeukia. Mara hii Hizza hakutaka kuupa mdomo wake uhuru. Aliona kheri aazime wa mwingine. Nami nawageukia nyinyi mlioketi hapa. Mikono iliyoungua, sikio lililosikia, na kasi iliyokubali kusimama: ni nani hasa aliyelipitisha lile gari? Mtoto ameshafumbua macho. Mnong'onezeni baba yake: jina lipi?