Mgeni na Mizinga ya Kalekwa

Mama mmoja wa Sikonge, Kalekwa, alikuwa na mtoto wa kumzaa, Mabula, na binti aliyeletwa kwake na msiba wa watu wengine. Binti alifika na kijibunda chake, akaganda mlangoni, hataki kuingia. Kalekwa akaangua kicheko: "Karibu, mgeni wangu!" Basi likawa ndilo jina. Mgeni akakua, akaota mvi, bado ni Mgeni. Ndiye aliyeshika kienge cha moshi kwenye mizinga ya nyuki, ndiye aliyekamua masega, na ndiye aliyemwogesha Kalekwa alipolala kitandani hanyanyuki tena.

Kalekwa akafa. Siku ya kumaliza matanga, Lukelesha, mdogo wa marehemu mumewe, akapayuka mbele ya watu na tonge mkononi: "Mizinga ya ukoo hairithiwi na mgeni. Jina lenyewe si linasema?" Watu wakacheka. Mbele ya ubwabwa watu hucheka chochote.

Mabula hakucheka. Yeye anafundisha ufugaji wa nyuki chuoni. Akasimama, akasema basi leo leo dada apewe jina la ukoo, lile la zamani lizikwe na mama.

Mgeni hakutaka jina jipya. Sauti ya mama yake ilikuwa imebaki ndani ya jina lile tu. Jioni, porini, mikono inanata: "We Mgeniii! Njoo ulambe vidole kabla sijavimaliza!" Na kile kicheko chake, mpaka ndege wanaruka mitini. Wakilizika jina, atamsikia wapi tena?

"Kaka," akasema, "huko chuoni nyuki mnamwitaje?"

"*Apis mellifera*. Kilatini hicho, maana yake nyuki mbeba asali. Aliyempa jina alidhani asali iko tayari kwenye maua, nyuki anaibeba tu. Baadaye akajua nyuki anaitengeneza mwenyewe, akataka kulibadilisha. Ikashindikana, dada. La kwanza ndilo linalokaa."

"Na nyuki, kwa kuitwa mbeba, akaacha kutengeneza?"

Lukelesha akawa anaitazama sahani yake kama imemtukana. Mabula akaingia ndani, akatoka na kisu cha mama cha kukatia masega, akamwekea dada yake mapajani. Mizinga ikabaki kwa Mgeni, na Mgeni akabaki Mgeni.

Haya, wenzangu: yule mnayemwita wa kuja nyumbani kwenu, mmeshalamba asali ya mikono yake miaka mingapi?