Kipimo cha Hakimu Dhulkifli

Hapo zamani, masultani walipokuwa wakiamini kila kilichopigwa muhuri, Mwanaidi na mumewe Shekue waliachana, wakabaki wanamgombea binti yao Rukia, wa miaka miwili. Sultani Muhsini akamwachia shauri Hakimu Dhulkifli, aliyerudi kutoka ng'ambo na elimu ya kupima wazazi.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi: mzazi hutolewa chumbani, Hakimu huingia na kilemba chake kikubwa kama tenga, kisha huhesabu vilio vya mtoto. Mama alipotoka, Rukia alilia vilio kumi na vinane. Baba alipotoka, Rukia hakulia hata kimoja. Alikuwa na donge la halua mdomoni, alilotiwa na babaye. Basi Hakimu akaandika: mama kamharibu mtoto, apewe baba.

Hapo Mwanapili, msusi fukara, jirani wa Mwanaidi, akasimama barazani. "Bwana wangu, kipimo hiki kibovu."

Sultani akakunja uso. "Wasema chakosea? Basi niletee mzazi asiye na dosari, naye ashindwe kipimo. Usipomleta kabla ya alasiri, utakula viboko arobaini, na mtoto ataenda kwa babaye."

Mwanaidi akamvuta kanga. "Shoga, umeniponza! Mzazi huyo utamtoa wapi?"

"Tulia." Mwanapili akawageukia mawaziri. "Mabwana, Sultani wetu ana dosari yoyote katika kulea?"

"Hana!" wakajibu wote, upesi kuliko walivyowahi kujibu jambo lolote.

"Basi nimemleta. Huyo hapo, amekwisha kaa."

Ikawa hapana budi. Mwana wa Sultani, wa miezi ishirini, akaletwa. Sultani akatoka, Hakimu akaingia. Vilio vikasikika hadi sokoni. Hakimu alifika thelathini na moja, mtoto akamng'ata kidole, hesabu ikapotea. Sultani akarudi mbio. Mtoto akamrukia shingoni, akanyamaza.

"Andika, Hakimu," akasema Mwanapili. "Baba kamharibu, mtoto achukuliwe. Mie nina chumba kimoja tu, lakini nitajibana."

"Thubutu!" akafoka Sultani. "Mwanangu analia kwa sababu ananitaka mimi!"

Sultani akasikia alichokisema, akamtazama Mwanaidi, akaangua kicheko.

"Chana karatasi hiyo, Hakimu. Rukia abaki kwa mamaye, na babaye amzuru kila Ijumaa, bila halua. Msusi apewe joho."

Kisha akataka kumrudisha mwanawe kwa yaya, mtoto akakataa katakata. Ikawa siku ile Sultani aliamua kesi zote zilizobaki huku kapakata mtoto, na wenye kesi wanasema hajapata kuhukumu vizuri vile.